Bei za bando zisiwe siri





Tunaambiwa kila mara kwamba soko letu la simu Tanzania lina ushindani. Kampuni zipo kweli: Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas ambayo hadi Novemba 2024 tuliijua kwa jina la Tigo. Tangu Machi 2017 mteja anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, na utaratibu huo naupongeza. Ila nihamie wapi, ikiwa hata bei ya mtandao nilio nao siijui?

Nauza vitenge Mwanza. Wateja wangu wengi wako Ukerewe na Geita, na mzigo ukiingia nawatumia picha kwa WhatsApp. Bando kwangu ni mtaji, sawa na nauli na ushuru wa meza. Mwenzangu wa meza ya jirani anatumia mtandao huohuo ninaotumia mimi. Tulipoweka simu zetu pamoja na kufungua menyu ileile, kwa pesa ileile yeye alipewa MB nyingi kunizidi. Nilipopiga huduma kwa wateja nikajibiwa kuwa ofa hutegemea matumizi ya mteja. Matumizi yapi, hawakusema.

Mimi kitenge nakitaja bei mbele ya watu. Mnunuzi akiona ghali anakwenda meza ya pili, nami kesho yake naishusha. Kwenye simu hilo haliwezekani, maana kila laini inaonyeshwa menyu yake. Hata vifurushi vilivyo wazi kwa wote vimechanganywa dakika, SMS na MB, kimoja cha saa 24, kingine cha wiki, kingine cha usiku tu. Nani ataweza kulinganisha?

Halafu kuna hili la muda kuisha. Bando la wiki likifika mwisho, MB zilizobaki zinafutwa, na pesa nilishalipa. Usipowahi kujiunga tena huku data iko hewani, salio linaweza kukatwa kwa bei ya nje ya bando, inayouma kweli kweli. Wenzetu Kenya, Safaricom ilileta bando lisilo na kikomo cha muda Oktoba 2019. Sioni kwa nini hapa liwe jambo la kuombwa kama hisani.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikiamua inaweza. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza na wananchi wakapiga kelele, Mamlaka ilivisitisha siku hiyohiyo. Basi iamue tena. Kila kifurushi kionyeshe bei ya MB moja na ya dakika moja, kwenye menyu yenyewe, kabla mtu hajabonyeza kukubali. Ofa anayopewa mmoja ionekane na wote. MB zilizolipiwa zibaki maadamu laini iko hai.

Na bei hizo zibandikwe pia kwa mawakala, hadi visiwani, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili. Wateja wangu wengine wana simu za kitochi, na vocha wananunua kila siku kama sisi.

Mfanyabiashara wa vitenge,
Mwanza