Hedhi Inapokatika, Waje Wote Wawili



Mwezi huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo majumbani husemwa kwa kunong'ona. Mama amekosa hedhi miezi mingi, si mjamzito, na ukoo wote unasubiri mtoto. Hapa Pemba, kutoka Mkoani mpaka Wete, maneno ni yale yale: "Ana chango." "Ana shetani." "Mimba imekaa mgongoni." Basi mama huzungushwa kwa waganga, fedha za karafuu zikaisha msimu hata msimu, na hospitalini huja mwisho kabisa, tena peke yake. Sisi wauguzi tunaona kwamba desturi hii inawaumiza akina mama, na mara nyingine inahatarisha maisha yao.

Tunamkumbuka mama mmoja. Kijiji chake hatutakitaja. Alijifungulia nyumbani, akatokwa na damu nyingi mpaka akazimia. Mtoto alifariki. Maziwa hayakutoka hata tone, watu wakasema ni huzuni. Hedhi haikurudi mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Nywele za kwapani zilipukutika, akawa anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea, na kila asubuhi aliamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Mumewe akaoa mke wa pili. Alikuja kwetu kuomba dawa ya kufungua kizazi. Tulipomwuliza habari za uzazi wake alishangaa, kwa kuwa miaka yote ile hakuna aliyemwuliza juu ya ile damu.

Ugonjwa wake una jina. Daktari Mwingereza Harold Sheehan aliueleza vizuri mwaka 1937, nao huitwa kwa jina lake. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kiasi cha punje ya mbaazi. Ndiyo inayoamrisha maziwa, hedhi, na tezi nyingine za mwili. Wakati wa ujauzito tezi hiyo hukua na kuhitaji damu zaidi. Mama akivuja damu nyingi mno, tezi hukosa damu na sehemu yake hufa. Kizazi ni kizima, lakini hakipati amri. Hatari kubwa ni kwamba mama kama huyo akipata homa kali au kuharisha, anaweza kuanguka ghafla na kufa, kwa sababu mwili umekosa homoni ya kuustahimilisha. Vidonge vya kila siku huziba upungufu huo. Kwa hiyo anayemchelewesha kwa sababu ya mtoto asiyekuja anahatarisha uhai wa mama aliyepo.

Si kila aliyekosa hedhi ana ugonjwa huu. Sababu ni nyingi. Ya kwanza kuangaliwa ni ujauzito wenyewe. Anayenyonyesha huweza kukaa miezi mingi bila hedhi, naye ajue kwamba mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi. Kukonda sana, mawazo mazito, ugonjwa wa tezi ya shingo, mayai yasiyopevuka, kifua kikuu cha kizazi, makovu baada ya kusafishwa kizazi, na dawa fulani za magonjwa ya akili, zote huweza kukatisha hedhi. Wengine hufikia ukomo wa hedhi mapema, hata kabla ya miaka 40.

Kuna pia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kanisa letu hufundisha njia za asili, nasi hatufichi hilo. Lakini hatuwezi kumwambia mtu uongo kwamba sindano imeua kizazi chake. Hedhi huchelewa kurudi, na kwa wastani mimba hupatikana kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Anayehitaji subira asitishwe.

Wengine watatujibu: "Hospitali ni mbali, nauli ni ghali, na mganga husikiliza." Ni kweli mganga husikiliza. Hapo sisi wauguzi tuna lawama yetu. Mara ngapi tumemkaripia mama mbele ya foleni, au kumwuliza siri zake mlango ukiwa wazi? Tukitaka waje mapema, tuwape kiti, tufunge mlango, na tuwasikilize mpaka mwisho.

Nanyi akina baba, mwende pamoja na wake zenu. Mama kukosa hedhi hakuthibitishi kwamba mbegu za baba ni nzima, na kipimo chake hakina maumivu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hivi hupata tatizo la ugumba katika maisha yake. Si aibu ya nyumba moja. Na mama mkwe, kabla ya kumwita mkamwana tasa, mwulize alijifunguaje mara ya mwisho.

Tunashauri hivi. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo apelekwe kupimwa. Mama aliyezoea kupata hedhi, ikikatika miezi mitatu, aende kituo cha afya. Asinunue vidonge vya kuleta damu bila kupima mimba. Aliyevuja damu nyingi, akakosa maziwa na kisha hedhi, asingoje hata hiyo miezi mitatu. Aeleze habari yote, hata asipoulizwa, na akiandikiwa barua ya kwenda Unguja au Muhimbili, ukoo umchangie nauli kama unavyochangia harusi.

Mama yule alivuka bahari, akapimwa, akaanza vidonge. Nguvu zimerudi, na analima mihogo yake. Mtoto hajapata. Wataalamu wana sindano za homoni zinazoweza kumsaidia, ila ni ghali, na hatukumwahidi tusichokiweza. Mtoto ni zawadi ya Mungu, na mama asiyempata hapungukiwi heshima yake hata kidogo. Siku ya mwisho alipokuja kliniki, mumewe alikuwa amekaa naye kwenye benchi, ameshika kadi yake.