Mwamba Hauna Kosa

Toka Takaungu hata Ngomeni, chombo kikivunjika watu husema, bahari imekula. Niwie radhi, msomaji, nikiyapinga maneno hayo. Humwondolea lawama mtu mwenye kosa, wakayatwika maji yasiyo na ulimi wa kujitetea.

Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi wa Aprili, 1498, alikuwa na mizinga, lakini hakuvuka kwenda Bara Hindi mpaka alipopewa rubani. Mizinga haijui njia. Mwamba ulioko leo ulikuwako jana. Baba humwonyesha mwana, nao huandikwa katika ramani. Nahodha akiupanda hali anaujua, na alaumiwe nahodha. Lakini meli iliyozama usiku wa jana juu ya njia ya vyombo haimo katika ramani, wala haimo kichwani mwa mzee yeyote. Hapo ndipo sheria inapoanza kazi yake.

Sheria ninayoitaja ina jina la mji wetu mkuu, na bado wachache mno kati yetu wanaijua. Tarehe 18 Mei, 2007, wajumbe wa mataifa walipatana mjini Nairobi juu ya mkataba wa kuondoa mabaki ya vyombo baharini, nao ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili, 2015. Mkataba huo haukuliacha neno "hatari" litumiwe ovyo. Hatari ni hali au tishio lolote linalozuia usafiri wa vyombo au kuutia mashakani. Na pia ni lile ambalo kwa akili ya kawaida hutazamiwa kuleta madhara makubwa baharini, au kuiharibu pwani na maslahi ya watu wake.

Wengi husoma nusu ya kwanza wakafunga kitabu. Meli zikipita salama, husema hakuna hatari. Kosa hili ndilo ninalogombana nalo. Tuseme meli imezama maili 20 nje ya Watamu, tumbo lake limejaa mafuta. Haimzuii nahodha yeyote. Je, mafuta hayo yakivuja yakasukumwa na upepo mpaka hori ya Mida, yakaganda kwenye mikoko wanamokulia samaki wadogo, mvuvi atakula nini? Mkataba wataja waziwazi uvuvi, mapato ya wageni na afya ya wakazi wa pwani. Hayo nayo hupimwa.

Wako pia wanaolivuta neno upande wa pili, wakaita hatari kila dema na kila wavu unaowakera wapitao na mashua za starehe. Sheria haikubali kelele. Yataka vipimo: ukubwa wa kilichozama, kina cha maji, kupwa na kujaa, mkondo, na wingi wa vyombo vipitavyo. Wakati wa mvua mto Sabaki huyatia maji ya Malindi rangi ya udongo, hata kitu kilichozama pima mbili hakionekani. Lakini haki na isemwe pande zote, ingawa wavuvi watanikasirikia: kitu chochote kilichopotea baharini kutoka chomboni kwa ajali, kikazama, kikakwama au kikaelea, huhesabiwa katika mabaki. Wavu uliopotea hivyo nao umo.

Chombo kikipatwa na ajali, nahodha apeleke habari bila kukawia. Serikali iwaonye mabaharia, tena ikiona pana hatari itie alama; na mwenye chombo ayaondoe mabaki kwa gharama yake. Husamehewa gharama kwa mambo machache, kama vita, au tukio la maumbile lisilo la kawaida, lisiloepukika wala kuzuilika. Sasa kusi huvuma kila mwaka. Mwenye chombo atasemaje kwamba lilimjia kwa ghafula?

Siusifu mkataba huu kupita kiasi. Kwa asili yake hutumika nje ya maili 12 za pwani, mpaka maili 200. Ndani ya hapo, mpaka nchi yenyewe itake. Bima nayo hulazimishwa kwa meli za tani 300 na zaidi. Lakini ngalawa zetu huvua karibu na miamba, na vinavyoozea huko ni vyombo vidogo visivyo na bima. Kwa maji ya ndani tunayo Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 2009, nayo ina sehemu yake juu ya mabaki ya vyombo. Lakini sheria haina macho, na asipokuwako wa kupeleka habari hukaa kitabuni.

Nimeiona mashua moja katika hori ya Kilifi, imelala ubavu, mbavu zake zikichomoza maji yakipwa na kufichwa yakijaa. Hapakuwa na boya, hapakuwa na taa, na vijana hupita hapo usiku kwa mitumbwi. Mwenyewe anajulikana mtaani. Nilipomwuliza ataiondoa lini, alitazama maji, akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, bahari imekula."