Kosa namba 2 liandikwe na nani?

Wako wenzetu wanaodhani kwamba kompyuta haiwezi kutueleza kosa kwa Kiswahili mpaka wahandisi waiunde upya. Mimi nasema kazi iliyobaki ni yetu sisi wanaisimu.

Tuangalie maktaba ya lugha ya C, ambayo programu nyingi za Linux zinaitegemea. Programu ikishindwa kufungua faili, haipewi sentensi bali namba. Namba hiyo huwekwa mahali panapoitwa errno, na inafaa isomwe mara moja, kwani kazi inayofuata inaweza kuibadilisha. Kisha programu huipeleka kwa strerror, nayo hurudisha maneno: 2 ni faili kutokuwepo, 13 ni kukosa ruhusa. Tafsiri za maneno hayo hukaa kando, kila lugha na orodha yake. Ndiyo maana kompyuta ikipangiwa Kifaransa hujibu kwa Kifaransa, mradi programu imeandikwa ifuate lugha ya mtumiaji.

Basi orodha ya Kiswahili aiandike nani? Kwa namba 2, tuseme faili "haipo", "haiko" au "haimo"? Sarufi ya vitabu inatenganisha -po, -ko na -mo. Hapa Lubumbashi "haiko" inabeba yote. Kwa namba 13, tukifuata Kiingereza tutaandika "ruhusa imekataliwa", na msomaji atauliza: imekataliwa na nani? "Huna ruhusa" inaeleweka upesi, lakini pengine anayekosa ruhusa ni programu, si mtu. Ningechagua "Hakuna ruhusa". Maswali haya ni ya sarufi na matumizi, si ya mitambo.

Wengine watasema Kifaransa kinatosha. Kinatutosha sisi tulio chuoni. Hakimtoshi kijana anayechapia watu barua karibu na soko: akiona sentensi asiyoielewa, anafikiri kazi ya mteja imepotea, kumbe amekosea jina la faili tu.

Orodha ya Linux ina ujumbe zaidi ya 100, mwingi wa maneno machache. Semina moja ya tafsiri inaweza kuugawana, kisha kuujaribu kwa wasomaji wa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Kila mwaka tunaandika kazi juu ya Kiswahili. Tuandike na moja ambayo mtu ataisoma akiwa amekwama, imsaidie kuendelea.