Pikipiki ya Abiria Isirefushwe Shingo

Vijana wengi wa siku hizi hawaridhiki na pikipiki kama ilivyotoka kiwandani. Hapa Dzaleka, na vile vile katika njia zote ziendazo Lilongwe, mwenye pikipiki ya kabaza hupenda kuibadili. Mmoja huweka usukani mrefu zaidi, mwingine huongeza springi nyuma, na wa tatu hutia vipande vya chuma ndani ya shokapu za mbele ili pikipiki isimame juu. Tena wako watazamao picha za pikipiki za Marekani ziitwazo chopa, zenye uma mrefu wa mbele uliolala kama ngazi, nao hutamani kupeleka za kwao kwa mchomeleaji zikafanywe vivyo hivyo. Juu ya jambo hili nataka kutoa maoni yangu. Nasema kwamba pikipiki ichukuayo abiria isirefushwe mbele kamwe, na kwamba wengi wafikirio kuibadili wangetosheka kama wangeitengeneza tu.

Kwanza yafaa tujue chopa zimetoka wapi, maana si haki kulaumu kitu tusichokijua. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, vijana wa Marekani walianza kuondoa vyuma walivyoviona havina kazi katika pikipiki zao, wapate wepesi. Baadaye wakaanza kurefusha uma. Zilizosifiwa kupita zote ni zile za sinema ya Easy Rider ya mwaka 1969, na waliozitengeneza walikuwa Wamarekani weusi, Ben Hardy na Cliff Vaughs, ambao kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa. Basi mtu asidhani kwamba nadharau kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya mafundi hodari. Lakini waliitengeneza kwa ajili ya njia pana za lami, zinyookazo mbali, na kwa mpandaji asiye na gunia nyuma yake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Sasa tutazame jinsi pikipiki inavyoshika njia. Uma, yaani ile miguu miwili ishikayo gurudumu la mbele, hausimami wima, umelala kidogo. Ukipiga mstari kupita katikati ya shingo ambamo usukani hugeukia, ukaushusha mpaka chini, utagusa ardhi mbele ya mahali pale tairi inapokanyaga. Umbali ulio kati ya alama hizo mbili nitauita mkia, kwa sababu tairi huifuata alama ile ya mbele kama mkia unavyomfuata mnyama. Mkia huo ndio unaonyoosha gurudumu lenyewe baada ya kugongwa na jiwe. Ukiwa mfupi mno, usukani huwa mwepesi na wenye wasiwasi. Ukiwa mrefu mno, pikipiki hunyooka vizuri kwa mwendo mkubwa, lakini katika mwendo mdogo usukani huwa mzito, na ukishaanza kuinama upande mmoja hutaka kuanguka kabisa.

Mwanafunzi ye yote ajuaye hesabu za pembe aweza kulithibitisha jambo hili kwa kalamu. Tuchukue gurudumu ambalo kutoka kitovuni mpaka chini ni sentimita 30, na kitovu hicho kimewekwa sentimita 5 mbele ya mstari wa shingo. Uma ukilala nyuzi 26 kutoka wima, mkia huwa sentimita 9 hivi. Mrefushe uma huo kwa sentimita 20, pikipiki nzima itainua kichwa, mlalo utafika karibu nyuzi 34, na mkia utakuwa sentimita 14. Na yule aliyeinua nyuma kwa springi ndefu amefanya kinyume chake: mlalo ukipungua mpaka nyuzi 23, mkia hubaki sentimita 7 tu. Wote wawili wameondoka mahali alipopachagua mtengenezaji, na hakuna hata mmoja aliyeshika futikamba.

Jambo la pili ni mzigo. Kabaza haiendi tupu. Hubeba abiria mmoja au wawili, pengine na gunia la mahindi, na uzito huo wote hukaa nyuma. Springi za nyuma zikizama sentimita 6, mbele huinuka, mlalo huongezeka, na mkia hufika karibu sentimita 11 bila mtu kuchomelea cho chote. Kwa maneno mengine, abiria na gunia wamekwisha kuifanya chopa kidogo, na gurudumu la mbele limekuwa jepesi juu ya ardhi. Je, pikipiki hiyo ikiwa imerefushwa tangu mwanzo, itakuwaje? Dereva atafika kwenye kona ya mchanga, avute breki, na tairi ya mbele haitakuwa na uzito wa kuishika njia. Na wakati wa masika, udongo wetu mwekundu unapolowana, hali ni mbaya zaidi.

Jambo la tatu ni nguvu za chuma. Sote tumesoma habari za wenzo: nguvu mara umbali. Uma wa sentimita 70 ukifanywa kuwa wa sentimita 100, jiwe lile lile likisukuma gurudumu kwa nguvu ile ile litaikamua shingo ya fremu kwa zaidi ya theluthi kupita zamani. Pikipiki zetu za cc 100 hadi 150 zimetengenezwa kwa mabomba mepesi ili zisile petroli nyingi. Mahali palipochomelewa panaweza kupasuka ndani bila kuonekana kwa nje, hasa pakiwa pamekwisha kupakwa rangi nzuri.

Wapo watakaonijibu hivi: “Pikipiki ni mali ya mtu, na mtu ana ruhusa kufanya na mali yake apendavyo.” Neno hilo ni kweli kwa pikipiki ya kutembelea peke yako. Lakini kabaza, dakika ile abiria apandapo, si mali ya mwenyewe peke yake tena. Mama aendaye sokoni na mtoto mgongoni hajui nyuzi wala sentimita. Yeye ametoa nauli yake akiamini kwamba chombo ni kizima. Uhuru wa kujipamba hauwezi kulipwa kwa miguu ya mtu mwingine.

Wengine watasema: “Mbona ndugu zetu wa Kivu huunda chukudu kwa mbao, na huchukua mizigo mizito kuteremka mpaka Goma, wala hawakusoma hesabu hizo?” Nawasifu hao, na wengi miongoni mwa jamaa wa Dzaleka wanaijua chukudu kuliko mimi. Lakini mfano huo wanisaidia mimi. Seremala wa chukudu huunda chombo kizima kwa ajili ya mzigo na mteremko: ubao wa kuchukulia, usukani mpana, uma na magurudumu, vyote vinapatana. Hachukui chombo cha mwenzake akarefusha kiungo kimoja na kuviacha vingine. Huo ndio ufundi.

Basi afanye nini yule ambaye pikipiki yake inayumba? Naamini kwamba mara nyingi hamu ya kubadili mbele hutokana na ugonjwa mdogo usiotibiwa, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na afuate utaratibu huu. Kwanza apime upepo wa matairi kwa kipimo, si kwa kupiga teke, na aweke kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki hiyo. Pili ainue gurudumu la mbele juu, ashike miguu ya uma na kuitikisa mbele na nyuma. Ikigonga, gololi za shingo zimelegea au zimekwisha. Lakini asizikaze kupita kiasi, kwa maana usukani usiogeuka kwa wepesi huifanya pikipiki iwayewaye hata kwa mwendo mdogo. Tatu avute uzi kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, pande zote mbili, aone kama magurudumu yanafuatana, kwani mara nyingi cheni ikikazwa upande mmoja huzidishwa na gurudumu huenda mshazari. Nne amwage oili ya zamani ya shokapu za mbele, atie mpya ya kiasi sawa katika miguu yote miwili, na abadilishe sili zinazovuja. Mwisho apunguze mzigo, au ausogeze mbele karibu na mwili wake. Baada ya hayo yote, kama pikipiki bado inayumba, yafaa atazame kama fremu au uma umepinda, na uma uliopinda ubadilishwe, usinyooshwe kwa nyundo.

Kazi hizi zahitaji spana chache, uzi, kipimo cha upepo, na asubuhi moja. Kwa kijana ambaye chakula cha nyumba yao chatoka katika kabaza, asubuhi hiyo ni hasara, nakubali. Lakini pikipiki iliyovunjika shingo haileti hata tambala, na mguu uliovunjika ni hasara ya miezi.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwenu ninyi kaka zetu mliotutangulia kutoka shuleni, ambao baadhi yenu mna pikipiki mnazowapa vijana waziendeshe kwa hesabu ya kila siku. Mwenye chombo ndiye anayepaswa kutoa ruhusa ya kukibadili, na ndiye anayepaswa kukataa. Msihesabu fedha za jioni tu. Ulizeni pia habari za gololi, oili na matairi, na mpeni kijana nafasi ya kuzitazama. Sheria za barabara huandikwa Capital Hill, lakini askari hawezi kusimama katika kila njia ya vumbi. Mwenye pikipiki aweza.

La pili ni kwetu sisi tulio bado darasani. Mafundi wa chini ya mti wana mikono myepesi kuliko yetu, na sisi tuna hesabu ambazo wao hawakupata nafasi ya kuzisoma. Ni aibu vitu hivi viwili kukaa mbali mbali. Naomba wale wapendao somo la fizikia watoke siku ya Jumamosi moja na uzi, timazi na kipimo cha pembe, waende kwa fundi kwa heshima, wapime mlalo na mkia wa pikipiki kumi pamoja naye, tupu na zenye mizigo, kisha wampe karatasi yenye hesabu hizo abaki nayo. Kijana ajapo siku nyingine kutaka shingo ndefu, fundi atakuwa na jibu la kumwonyesha.