Nyumba ya familia na karatasi ambazo mtoto hapaswi kuzitafsiri

Katika familia nyingi za Walatino nchini Marekani, anayetangulia kusoma barua ya benki si baba wala mama. Ni mtoto wa darasa la tano au la sita, kwa kuwa yeye ndiye aliyejifunza Kiingereza shuleni. Anaitwa mezani aeleze riba ni kiasi gani, marejesho yanaanza lini na kwa nini benki inataka karatasi nyingine tena. Maneno atayatafsiri vizuri tu. Lakini uzito wa deni la miaka 30 si mzigo wa kumtwisha mtoto, na mzazi anayemtegemea kwa jambo hilo anaweza kutia saini kitu ambacho hakuna mtu ndani ya nyumba anayekielewa.

Ndiyo maana afisa mikopo ya nyumba anayezungumza Kihispania ana kazi kubwa kuliko cheo chake kinavyosikika. Wateja wake ni watu waliotoka Mexico, Guatemala, El Salvador au Puerto Rico, au ambao wazazi wao walitoka huko: mafundi ujenzi, wapishi, wasafisha ofisi, wenye vigari vya chakula. Kipato wanacho. Tatizo ni kwamba kimetawanyika: mshahara kidogo wa hundi, fedha taslimu za Jumamosi, na mchango wa shemeji anayeishi chumba cha nyuma. Benki inapenda kipato kinachoonekana kwenye karatasi, na kwa aliyejiajiri huomba kwa kawaida ritani za kodi za miaka miwili.

Kuna pia fedha za tanda. Msomaji wa huku hahitaji maelezo marefu, maana tanda ni upatu: watu kumi wanachangia kila wiki, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Zamu ikifika, mama anaingiza dola elfu kadhaa benki kwa mara moja, na mkopeshaji anauliza zimetoka wapi. Fedha zisizo na maelezo hazihesabiwi kama malipo ya awali. Wengi wamekwama hapo, ingawa taratibu za FHA, mpango wa serikali unaodhamini mikopo ya nyumba, zinatambua fedha za vikundi vya kuweka akiba iwapo zina ushahidi. Afisa mzuri humwambia mama mapema: mwombeni mweka hazina awe na daftari, aandike majina, tarehe na kiasi. Daftari la shilingi chache linaweza kuokoa nyumba.

Familia hizi zina sababu ya kuogopa. Katika miaka ya kabla ya mtikisiko wa 2008, Walatino wengi waliuziwa mikopo ghali, wengine kwa Kihispania kitamu kabisa, kisha wakapewa mkataba wa Kiingereza usiofanana na walichoambiwa. Desemba 2011 kampuni ya Countrywide ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria kwamba wakopaji zaidi ya 200,000, Weusi na Walatino, walitozwa zaidi ya Wazungu wenye sifa kama zao. Kujua lugha ya mteja, kwa hiyo, si uaminifu. Lugha hiyohiyo iliyowafungulia watu mlango ndiyo iliyotumika kuwapora.

Hesabu yenyewe inatisha ukiiandika. Mkopo wa dola 200,000 kwa miaka 30, riba ikiwa asilimia 6, marejesho ni kama dola 1,199 kwa mwezi. Riba ikiwa asilimia 8 ni kama dola 1,467. Tofauti hiyo ndogo ya asilimia mbili inazidi dola 96,000 mpaka deni linaisha. Hiyo ni ada ya chuo ya mtoto.

Enzi hizo afisa aliweza kulipwa zaidi kadiri alivyomuuzia mteja mkopo wenye riba kubwa. Tangu 2011 kanuni zinakataza malipo yake kufuata masharti ya mkopo. Hata hivyo wengi bado wanaishi kwa kamisheni, na mkopo usiofungwa haulipi. Afisa anayemwambia mteja "bado, lipa kwanza deni la gari, rudi baada ya mwaka" anajinyima chakula chake mwenyewe mwezi huo. Wapo wanaosema hivyo, na ndio ambao shangazi humpelekea binamu, na binamu humpelekea jirani wa kanisani.

Leo karibu nusu ya kaya za Walatino zinamiliki nyumba. Kwa Wazungu ni karibu robo tatu. Na mlango haukai wazi. Vijana walioletwa Marekani wakiwa wadogo, wenye kibali cha muda cha kufanya kazi, waliruhusiwa waziwazi kutumia FHA mwaka 2021. Tangu Mei 2025 asiye na ukazi wa kudumu hakubaliwi tena. Kwa nyumba ya dola 300,000, FHA huanzia asilimia 3.5, yaani dola 10,500. Mkopeshaji mdogo anayepokea nambari ya kodi badala ya ukazi anaweza kutaka asilimia 15 au 20. Aliyekuwa amekaribia sasa anatafuta dola 45,000 au 60,000.

Basi familia inamtazama mtoto mkubwa, aliyezaliwa Marekani, mwenye miaka 22 na kazi. Nyumba iandikwe jina lake, wengine wachangie. Afisa hapaswi kuharakisha hapo, hata kama karatasi zimekamilika. Anatakiwa kusema mbele ya wote, kwa Kihispania, kwamba mdaiwa atakuwa kijana huyo peke yake na mwenye nyumba kisheria atakuwa yeye, si baba aliyelipa. Kisha awaulize yale ambayo hayamo kwenye fomu: akioa, mkewe atajua makubaliano haya? Dada zake wawili wanaochangia wataandikwa wapi? Akikosa kazi miezi mitatu, nani atalipa? Wakitazamana bila jibu, afisa akunje faili na kuwapa siku nyingine, waende kwanza wakazungumze nyumbani.