Kizuri Nacho Hutangazwa: Majibu kwa Madai Matano Kuhusu Uandishi wa Mtandaoni

Anayeanza kuandika kwa Kiswahili mtandaoni hupata washauri kabla hajapata wasomaji. Mmoja humwambia hana kipaji, aache. Mwingine humwambia achapishe kila siku bila kupumzika. Wa tatu humwonya kwamba kuitangaza kazi yake ni majivuno. Wengi wao wana nia njema, lakini nimewaona watu wenye uwezo wakinyamaza kwa sababu ya maneno hayo. Ndiyo maana nayachukua madai matano yanayorudiwa sana na kuyajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu ni mwepesi kuusema na mgumu kuutimiza: andika kila siku, chapisha kilichoiva tu, kisha kitangaze bila haya.

Dai la kwanza: "Uandishi ni kipaji. Asiyezaliwa nacho asijisumbue."

Kipaji kipo, sikikatai. Ninachokataa ni kukifanya mlango wa kuwafungia watu nje. Wanaotoa dai hili hupenda kumtaja mshairi Shaaban Robert kama mtu aliyeshushiwa maneno. Tuyatazame maisha yake. Mwaka 1926 aliajiriwa katika forodha, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika ajira ya serikali. Hakuwa na siku nzima ya kukaa na kalamu. Hata hivyo mashairi yake yalikuwa yakitoka katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923. Tena kati ya 1931 na 1958 alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, barua nyingi kiasi kwamba baadaye zilikusanywa zikawa kitabu. Barua hizo zina habari za familia, za kazi na za vitabu vyake. Mkono wake haukupoa kwa muda wote huo. Gwiji tunayemtoa kama ushahidi wa kipaji ndiye huyo huyo ushahidi wa mazoezi.

Zoezi la kila siku humfundisha mwandishi kitu ambacho kipaji hakimpi, nacho ni kuyaona makosa yake mwenyewe. Anayeandika mara moja kwa mwezi huipenda kila sentensi yake kwa sababu ni chache. Anayeandika kila siku huanza kugundua kwamba kila aya yake inafunguka kwa namna moja, kwamba wahusika wake wote wanazungumza kwa sauti moja, kwamba ametumia maneno kumi mahali pa manne. Kulijua hilo ndiko kukua. Wala zoezi lenyewe halihitaji muda mrefu. Nusu saa kabla ya kazi inatosha, au safari ya daladala ukiwa na simu mkononi, mradi iwe ni ada na isingoje msukumo.

Dai la pili: "Chapisha kila siku, mtandao wenyewe utakubeba."

Dai hili hutolewa na wanaojiita wataalamu wa kukuza kurasa, nalo linachanganya mambo mawili. Kuandika kila siku ni jambo moja, kuchapisha kila siku ni jambo jingine. Unachoandika kila siku ni mazoezi yako, na haki yako ni kukiandika vibaya, kukifuta na kukirudia. Unachochapisha ni cha msomaji, na haki yake ni kupewa kitu kilichosafishwa. Ukimwaga kila rasimu mbele ya watu, utawafundisha kupita bila kusoma. Mtandao hupenda wingi, ni kweli, lakini mtandao haukumbuki jina lako. Msomaji ndiye hulikumbuka, na akichoshwa mara tatu mfululizo harudi.

Zamani baina ya mwandishi na msomaji alikaa mhariri wa gazeti. Mtandaoni mhariri huyo hayupo, kwa hiyo kazi yake imekuangukia wewe. Iache kazi ilale angalau usiku mmoja. Isome kwa sauti asubuhi yake. Sikio hukamata sentensi mbovu ambayo jicho limeipitisha. Mpe msomaji mmoja mkweli kabla ya kuwapa elfu. Kisha chagua siku yako ya kutoa, iwe Ijumaa au Jumapili, na usiivunje. Eric Shigongo alijijengea hadhira kubwa Tanzania kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kila wiki. Wasomaji waliijua siku ya gazeti wakaingoja. Kazi moja nzuri kwa wiki, katika siku isiyobadilika, hujenga imani ambayo kazi saba za haraka haziwezi kuijenga.

Dai la tatu: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, kwa sababu limekuja na methali. Mwandishi akiiweka hadithi yake katika kundi la WhatsApp mara mbili, atarushiwa maneno haya, naye hutahayari akanyamaza. Methali ina haki yake: inakemea ubovu unaofunikwa kwa kelele. Lakini haikuamuru kizuri kijifiche. Hata embe zuri hujiuza likiwa limepangwa sokoni mbele ya macho ya watu. Likifungiwa stoo, litaoza na uzuri wake.

Tumkumbuke Siti binti Saad. Alitoka Fumba, huko Unguja, akahamia mjini mwaka 1911. Alikuwa muuza vyungu, akipita akinadi bidhaa yake, na husimuliwa kwamba sauti ile ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wamtambue kabla hajawa mwimbaji wa kuitwa majumbani. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Alijitembeza kwa miguu yake, na hakuna anayethubutu kusema kwamba alikuwa kibaya. Shaaban Robert mwenyewe aliona anastahili kuandikiwa wasifu.

Washairi wetu nao hawakuficha majina yao. Katika tenzi za kale na katika mashairi ya magazetini, beti za mwisho ndizo pahala pa mtunzi kujitambulisha: jina lake, mji wake, pengine na tarehe ya utunzi. Utenzi wa Mwana Kupona unataja mwaka ulipotungwa, 1275 wa Hijria, yaani karibu na 1858. Ahmad Nassir wa Mombasa alijulikana kwa jina la Malenga wa Mvita, na diwani yake ikabeba jina hilo hilo. Hata mwandishi wa riwaya za upelelezi Ben Mtobwa, aliyemuumba mhusika Joram Kiango, aliingia mwenyewe katika kazi ya uchapishaji. Wote hawa walijua kwamba kuweka jina kwenye kazi ni kuwajibika: msomaji apate kujua amsifu nani na amkosoe nani.

Kinachohitajika ni adabu ya kutangaza. Sema kazi inahusu nini badala ya kujisifu kwamba ni kali. Toa aya moja ya kuonja, kisha kiungo. Usiwaunganishe watu katika makundi bila idhini yao, wala usibandike tangazo lako kwenye tanzia ya mtu. Itangaze kazi hiyo zaidi ya mara moja, kwa saa tofauti, kwa sababu aliyekuwa kazini mchana hakuiona. Wajibu wanaokuandikia, hasa wanaokukosoa kwa hoja. Soma kazi za wenzako na uzisambaze kwa moyo ule ule unaotaka yako isambazwe. Anayefanya hivi hajajitembeza. Amewafikishia watu walichokuwa hawajui kwamba kipo.

Dai la nne: "Kiswahili hakina wasomaji, na siku hizi watu wanataka video tu."

UNESCO inakadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. BBC ilianza kutangaza kwa lugha hii mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963, na leo idhaa zote mbili huandika habari za Kiswahili mtandaoni kila siku. Mashirika hayo hayagharamii lugha isiyo na watu. Ama kuhusu video, ni kweli zinapendwa, lakini hula bando, na maandishi hayali hata robo yake. Ndiyo sababu hadithi za vipande husafiri kwa WhatsApp hadi mahali ambapo mtandao ni wa kuvizia, na ndiyo sababu kila kipande kikichelewa watu huuliza sehemu inayofuata itatoka lini. Wasomaji wapo. Wasichokuwa nacho ni subira kwa maandishi marefu yaliyorundikwa bila aya kwenye kioo kidogo cha simu. Fupisha aya, weka kichwa kinachoeleweka, ingia kwenye jambo mapema.

Dai la tano: "Ukiweka bure utaibiwa, na hela hakuna."

Wizi upo, na unauma. Kuna watu hufuta jina la mwandishi na kuandika la kwao. Lakini kazi iliyofichwa kabatini hailindwi na chochote zaidi ya vumbi. Kwa sheria, haki ya kazi yako huzaliwa pale unapoiandika. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina ya 2001, Zanzibar ina ya 2003. Unaweza pia kuisajili kazi yako, kwa ofisi ya hakimiliki ya COSOTA upande wa Bara au kwa ile ya KECOBO nchini Kenya. Jina lako likiwa ndani ya kila kipande, na tarehe ya kutolewa ikiwa wazi, mwizi atakuwa na kazi ya kujieleza. Hifadhi nakala ya kila kitu nje ya Facebook, kwa kuwa ukurasa unaweza kufungwa usiku mmoja na riwaya nzima ikaenda nao. Na wasomaji wako wa kweli, omba namba au barua pepe zao, ili uwafikie hata ukurasa ukipotea.

Kuhusu hela, wapo wanaotoa sehemu za mwanzo bure na kuuza zilizobaki kwa malipo ya simu. Si njia ya kutajirika haraka, na anayekuahidi utajiri anakudanganya. Faida kubwa zaidi ni mswada unaokua. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilimtambua Mohammed Ghassani mwaka 2015 kwa diwani yake ya N'na Kwetu, naye alikuwa mwanahabari mwenye kazi yake ya kila siku huko Ujerumani. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Milango hiyo hufunguliwa kwa wenye mswada mkononi, na mswada hutokana na kurasa za kila siku.

Kwa hiyo wewe unayeandika, usimngoje mtu akupe ruhusa. Leo andika ukurasa mmoja. Kesho usome kwa sauti, uukate, uunyooshe. Ukiiva, weka jina lako juu yake na uwaambie watu upo. Lugha hii inahitaji waandishi wake wasikike, na asiyeitangaza kazi yake amewanyima wasomaji haki ya kuichagua.