Kiungo cha Mtu si Bidhaa ya Soko

Lubao ni kituo cha soko kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye. Sifa yake imeenea kwa jambo ambalo sisi watu wa Pwani hulisikia tukatabasamu: kila Ijumaa huuzwa mbwa pale, kama vile kwetu wauzwavyo mbuzi na kuku. Mnunuzi humkagua mnyama, wakapatana bei, akaondoka naye kwa kamba.

Soko halina ubaya. Ubaya huingia pale akili ya soko inapovuka mpaka wake ikamfikia binadamu. Mwezi wa Aprili 2025, huko Eldoret, mji usio mbali na Kakamega, serikali ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja kufuatia tuhuma za biashara ya viungo. Si ajabu basi kwamba mtu akitajiwa kutoa figo, fikra yake ya kwanza ni bei, na ya pili ni hofu.

Hofu hiyo ni ya haki, lakini tusiiache ikatufunga mikono. Mtu aliyeharibikiwa figo zote mbili ana njia mbili tu: kusafishwa damu kwa mashine, aghalabu mara 2 au 3 kila juma, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Hapa Kenya figo hizo hutolewa na walio hai, zaidi jamaa wa mgonjwa. Asiye na jamaa afaaye, akiwa tajiri, hushawishika kumtafuta fukara amnunue. Akiwa maskini, hungoja. Waama, biashara hii hustawi kwa sababu watoaji ni wachache.

Upandikizaji wa figo ulianza kufanikiwa kwa mapenzi ya ndugu. Mwaka 1954, mjini Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray alimpandikiza mgonjwa figo iliyotolewa na pacha wake. Hapakuwa na mnunuzi wala muuzaji.

Msomaji atauliza: na dini yetu yasemaje? Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jedda mwezi wa Februari 1988, likapitisha kwamba yafaa kupandikiza kiungo kwa masharti. Aliye hai asitoe kile ambacho uhai wake hauwezi kusimama bila yake. Cha maiti kisichukuliwe ila kwa idhini yake alipokuwa hai, au ya warithi wake. Na kuuza ni haramu. Wako wanazuoni, hasa wa Bara Hindi, walioshika kauli ya kukataza wakichelea heshima ya maiti, nao wana hoja yao. Kwa hiyo kila mmoja na amwendee shehe wake amuulize. Kunyamaza si fatwa.

Wala swali hili si la Pwani peke yake. Mumias, katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, kuna Waislamu tangu zama za Nabongo Mumia, walioipata dini kwa wafanyabiashara wa Kiswahili. Wao na sisi huharakisha kuzika. Jirani yao wa Lubao hukaa na maiti wake siku kadhaa, lakini naye ataka mtu wake arudi bomani mzima, azikwe kwao. Sote twaogopa jambo moja: mpendwa wetu kuharibiwa.

Basi na tuanze na jicho. Konea ni ule utando mwangavu ulio mbele ya mboni. Ukiingia ukungu mtu hupofuka, na ukibadilishwa huweza kuona tena. Daktari Eduard Zirm alifanikiwa kuupandikiza tangu mwaka 1905. Huchukuliwa katika saa chache baada ya kufa, na sura ya maiti haiharibiki. Ataoshwa, atakafiniwa na kusaliwa kama kawaida.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamruhusu mtu kutoa kiungo chake kitumike baada ya kufa: kwa wosia, au kwa hati, au hata kwa kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua 2. Atozaye pesa kwa kiungo, sheria hiyo yamtishia faini hadi shilingi milioni 10 au kifungo hadi miaka 10.

Wosia na mashahidi si mambo mageni kwetu. Kinachokosekana ni mazungumzo. Mauti yakifika, nyumba imejaa kilio, mjane au kijana wa marehemu hawezi kuamua jambo ambalo hakulisikia hata siku moja. Mwambie mkeo, mwambie mumeo, waite wanao, waeleze utakalo na usilolitaka. Ukikubali, andika. Ukikataa, sema pia, wasije wakabahatisha.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maskini wa Lubao na tajiri wa Mombasa katika hili ni sawasawa: kila mmoja ana macho mawili atakayoyaacha.